Bili haieleweki, bima inakataa: namna ya kujua kosa liko kwa nani

Ugomvi mwingi wa bili za hospitali hufanyika mbele ya mtu asiyeweza kurekebisha chochote. Keshia hana ruhusa ya kugusa alichoandika daktari. Daktari hawezi kufungua kadi ambayo mwajiri wako hajailipia. Kampuni ya bima nayo haina habari kwamba chupa nne za sindano zilirudi famasi bila kutumika. Nimefanya kazi ya madai ya bima hapa Kampala, na waliomaliza shida zao haraka walikuwa wale waliojua kosa limeanzia dirisha gani, wakaenda hapohapo.

Kwa hiyo soma kwa kufuata dalili unayoiona. Lakini kabla ya dalili yoyote, jibu swali moja: unalipiwa na nani?

Uganda haina bima ya afya ya taifa inayofanya kazi. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, ila Rais hakuusaini. Kadi uliyo nayo, basi, ni ya moja kati ya aina tatu. Ya kwanza ni ya kampuni ya bima, au shirika la huduma za afya linalolipwa ada kila mwaka. Ya pili inafanana nayo kwa sura: mwajiri ametenga mfuko wake mwenyewe na kampuni ya bima inausimamia tu. Hapo kampuni ni karani, na anayeamua kama dai lilipwe ni mwajiri wako; watu wengi humpigia simu karani mwezi mzima bila kujua hilo. Ya tatu ni bima ya jamii, kama ile ya Hospitali ya Kisiizi kule kusini-magharibi, iliyoanza 1996, ambako watu hujiunga kwa vikundi vyao vya kijijini. Muulize afisa wa rasilimali watu kazini, "Mpango wetu ni wa bima kamili au ni mfuko wa kampuni?" Akishangaa kuulizwa, omba namba ya dalali wa bima aliyewaunganisha. Nitarudi kwake.

Kadi imekataliwa mapokezini

"Ssebo (bwana), mfumo unakataa." Ukiambiwa hivyo, usianze kujieleza. Mpigie mfanyakazi mwenzako mmoja na umuulize kama kadi yake ilifanya kazi wiki hii. Jibu lake linakata shida katikati.

Kama na yake imekataliwa, kuna mambo mawili. Ama mwajiri hajalipa ada na kampuni ya bima imewafungia wote, ama hospitali hiyo imesimamisha kadi za kampuni hiyo kwa sababu inaidai. Kutofautisha ni rahisi: hospitali nyingine iliyo kwenye orodha yenu ikiikubali kadi, ugomvi ni wa hospitali na bima, wewe nenda kule pengine. Ikikataliwa kote, tatizo liko kazini kwenu. Mapokezi hawatakuambia waziwazi kwamba bosi wako hajalipa, na kampuni ya bima itakuambia "wasiliana na rasilimali watu" kwa sauti ya upole sana. Hiyo sauti ya upole ndiyo jibu.

Kama ya mwenzako inafanya kazi na yako haifanyi, basi kosa liko kwenye jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa au alama ya kidole unachoweka kwenye mashine. Hapa pana uchafu mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mtu amesajiliwa Mukasa Ibrahim kazini, kitambulisho cha taifa kinasema Ibrahim Mukasa, na kwenye kadi ya bima jina la pili halipo. Namba ya kitambulisho inayoanza na CM au CF imechapwa herufi O mahali pa sifuri. Tarehe ya kuzaliwa imegeuzwa, siku ikawa mwezi. Halafu kuna la familia: kwetu Uganda watoto wengi hawabebi jina la baba. Baba ni Musoke, mtoto ni Kato, na karani aliyepokea fomu anaona watu wawili wasiohusiana, anamweka mtoto pembeni "hadi uthibitisho". Wewe hujaambiwa. Unagundua usiku wa homa.

Dawa ya hilo ni kuomba orodha ya wategemezi wako kama ilivyo kwenye mfumo wa bima, kwa maandishi, na kuilinganisha na vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa herufi kwa herufi. Fanya hivyo wakati hakuna mgonjwa nyumbani.

Kidole nacho kina mambo yake. Fundi wa ujenzi, mkulima, mama anayefua kwa mikono kila siku na wazee wengi, mistari ya vidole vyao imesagika. Bibi harusi aliyepakwa hina nene hadi ncha za vidole naye anaweza kukataliwa na mashine. Omba wajaribu kidole kingine. Mara nyingi zaidi ya kimoja husajiliwa. Vyote vikigoma, ofisi ya bima ya hospitali inaweza kupiga simu kampuni na kuomba kibali cha mara moja. Wanajua kufanya hivyo. Wakati mwingine hawapendi tu.

Mtoto mchanga

Hili nalitenga kwa sababu ndilo linaloumiza mfuko kuliko yote. Mama amejifungua, bili ya mama imepita vizuri, na mtoto aliyelazwa chumba cha watoto njiti ana bili yake mwenyewe, kubwa mara kadhaa kuliko ya mama, kwa jina la "Mtoto wa Fulani". Jina hilo halimo kwenye mfumo wowote. Bima inalikataa.

Mikataba mingi inataka mtoto asajiliwe ndani ya muda fulani baada ya kuzaliwa, na muda huo ni mfupi. Kuna mikataba inayomfunika tangu siku ya kwanza endapo usajili utafanyika kwa wakati, na mingine inaanza kumfunika siku aliyosajiliwa tu. Ukiwa mjamzito, au mkeo ni mjamzito, tafuta kifungu hicho kwenye mkataba sasa. Akizaliwa, chukua taarifa ya kuzaliwa kutoka wodini siku hiyohiyo, ipige picha na itume kwa rasilimali watu na kwa bima kwa barua pepe moja, ili saa ya kutuma ionekane. Jina litafuata baadaye. Usingoje shangazi wakubaliane. Kama ni mapacha, hakikisha wawili wameandikwa. Pacha wa pili husahaulika, na gharama zake huhamia kwenye bili ya wa kwanza, ambayo inakuwa na vipimo viwili vya kila kitu na kukataliwa kama marudio.

Bili ni kubwa kuliko ulivyotibiwa

Karatasi yenye jumla tu haina msaada. Omba mchanganuo wa bili: kila dawa, kila kipimo, kila siku ya kitanda, pamoja na bei ya kimoja na idadi. Ukiambiwa "ni siri ya bima", kataa kwa adabu. Aliyetibiwa ni wewe, na sahihi wanayoitaka kwenye fomu ya madai ni yako. Usisaini fomu ambayo sehemu ya kiasi iko wazi. Ni jambo la kawaida mno na ni baya mno.

Kisha omba kuona karatasi ya matibabu ya wodini. Ni ile inayoning'inia kitandani, yenye jina la dawa upande mmoja na viboksi vya saa upande mwingine, na nesi anaweka herufi za jina lake kila anapotoa dozi. Hiyo karatasi ina ukweli kuliko kompyuta. Tuseme daktari aliandika sindano ya ceftriaxone gramu moja, mara mbili kwa siku, siku tano. Famasi ilitoa chupa kumi na kompyuta ikatoza kumi papo hapo. Siku ya tatu jioni mgonjwa ana nafuu, anapewa ruhusa na vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hesabu sahihi za nesi: ziko sita. Chupa nne zilirudi famasi, au zilitakiwa kurudi, lakini hakuna aliyezifuta kwenye bili. Huu si lazima uwe wizi. Mara nyingi nesi alirudisha dawa kwa mkono na mtu wa famasi akaiweka rafu bila kugusa kompyuta. Ila pesa ni ileile, na iwe ya wizi au ya uvivu, inatoka kwenye kikomo chako, yaani kiasi cha juu ambacho bima itakulipia kwa mwaka.

Vingine vya kuangalia, kwa haraka: ada ya kumwona daktari iliyotozwa tena uliporudi kuchukua majibu tu, ada ya daktari bingwa wakati uliyemwona ni wa kawaida, kipimo kilichorudiwa kwa sababu sampuli ya kwanza iliganda maabara, ambacho hupaswi kulipia wewe, boksi zima la glovu, na siku ya kitanda iliyohesabiwa kwa sababu uliruhusiwa asubuhi lakini karatasi zikaisha jioni. Hili la mwisho linabishaniwa kila siku. Uliza saa rasmi ya hospitali ya kuhesabu siku, kisha onyesha saa ambayo daktari aliandika ruhusa kwenye faili.

Ukiona kodi ya ongezeko la thamani juu ya matibabu yenyewe, simama hapo. Huduma za matibabu Uganda zimesamehewa kodi hiyo.

Unayemtafuta ni msimamizi wa bili, ambaye hukaa ofisi ya nyuma na si dirishani. Mpelekee karatasi mbili, bili na ile ya wodini, ukiwa umezungushia duara mistari unayobishia. Mtu mwenye duara tatu za kalamu nyekundu husikilizwa. Mwenye kusema "mmeniibia" hupelekwa kwa mlinzi.

"Kikomo chako kimeisha" na huumwi mara kwa mara

Sababu ya kwanza haina ubaya: kikomo ni cha familia nzima, au ulichomaliza ni kikomo kidogo cha meno au macho na keshia ameeleza vibaya. Sababu ya pili ni kibali kilichobaki hewani. Uliombewa idhini ya upasuaji wa milioni kadhaa, ukaahirishwa, na kiasi hicho bado kimeshikiliwa kama kimetumika. Kampuni ya bima inaweza kukiachia siku hiyohiyo, ila lazima mtu awaambie kwamba upasuaji haukufanyika, na ikiwezekana hospitali ithibitishe.

Sababu ya tatu ni kwamba mtu ametibiwa kwa jina lako. Omba taarifa ya matumizi ya kadi yako tangu mwaka wa bima uanze, yenye tarehe, hospitali na kiasi. Ukikuta tarehe uliyokuwa Arua na kadi inaonyesha ulipimwa Entebbe, andika barua siku hiyo. Usisubiri. Kampuni ikigundua kabla yako, itakuuliza wewe ulimwazima nani kadi, na kuazima kadi kunaweza kufuta bima ya familia yote. Kama kweli ulimwazima shemeji, basi unajua.

Dai limekataliwa baada ya kutibiwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa linakuwa dogo kiasi kwamba halionekani kwa macho ya kawaida.

Hospitali nyingi zinazotoza bima huandika ugonjwa kwa msimbo wa Shirika la Afya Duniani, yaani herufi na namba zinazosimama badala ya jina la ugonjwa. Mzee amekwenda kliniki na kichwa kinamuuma, kapimwa presha ikawa juu mara hiyo moja. Msimbo wa presha iliyosomeka juu bila kuthibitishwa kuwa ugonjwa ni R03.0. Msimbo wa ugonjwa wenyewe wa shinikizo la damu ni I10. Karani mwenye foleni ndefu anachagua I10 kwa sababu ndio wa kwanza kwenye orodha. Kuanzia hapo, kwenye kumbukumbu za bima, mzee ana ugonjwa sugu. Kama mkataba hauna magonjwa sugu, au uko kwenye kipindi cha kungoja, yaani miezi ya mwanzo ambayo bima bado hailipii ugonjwa huo, dai la siku ile linakataliwa na kila dai la moyo litakalokuja baadaye litatazamwa kwa jicho hilo. Sukari ni vilevile: R73 ni sukari iliyopanda kwenye kipimo, E11 ni kisukari. Na Z00 ni uchunguzi wa afya wa jumla, ambao mikataba mingi hailipii. Ukiona Z00 na wewe ulikwenda ukitetemeka kwa homa, umepata kosa lako.

Kwa hiyo ukikataliwa, usiridhike na "haimo kwenye mkataba". Omba kwa maandishi namba ya dai, msimbo uliotumwa na kifungu cha mkataba kilichotumika kukataa. Vitu vitatu. Ukishavipata, rudi kwa daktari aliyekuona, si kwa karani. Yeye pekee ndiye anayeweza kuongeza maelezo kwenye faili, kwa tarehe ya leo na sahihi yake, akieleza alichokiona siku ile. Usimwombe afute au abadilishe cha zamani, wala usimwombe aandike ugonjwa usio wako ili bima ilipe. Wapo wanaokubali. Likigundulika, dai la kweli nalo linazama pamoja na la uongo.

Sababu nyingine ya kukataliwa ni kutoomba idhini kabla. Kwa dharura, mikataba mingi inaruhusu taarifa itolewe baadaye ndani ya muda mfupi uliotajwa. Daktari aandike wazi kwamba ilikuwa dharura na saa uliyofikishwa.

Jambo moja pembeni. Wakati mwajiri anakusaidia kufuatilia, mpe namba ya dai na tarehe tu. Ugonjwa wako haumhusu, na sheria ya 2019 ya kulinda data binafsi iko upande wako. Nimeona faili za wagonjwa zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi "ili tusaidiane".

Ulilipa mfukoni na pesa hairudi

Ujumbe wa Mobile Money si risiti. Unaonyesha kwamba ulimtumia mtu pesa. Bima inataka risiti ya hospitali au duka la dawa yenye jina la mgonjwa, tarehe, mchanganuo na muhuri, pamoja na cheti cha dawa cha daktari. Ile karatasi ndogo ya duka la dawa iliyoandikwa "dawa, 85,000" haitalipwa na mtu yeyote; rudi uandikiwe upya. Piga picha risiti mapema, zile za mashine hufutika wino. Tazama pia mwisho wa kuwasilisha, maana dai zuri lililochelewa linahesabiwa halipo.

Busia na Malaba

Kwenye miji hii ya mpaka wa Kenya na Uganda, kadi ya SHA, bima ya afya ya umma ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipi kliniki ya upande wa Uganda hata kama unaiona nyumba yako kutoka wodini. Madereva wa malori wenye kadi za kampuni binafsi za Afrika Mashariki wako afadhali, ila orodha ya hospitali ni ya kila nchi peke yake. Ombeni ya Uganda kabla ya kuvuka.

Hospitali ya serikali imekudai pesa

Ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Uliza swali moja tu: "Naomba risiti ya serikali." Mara nyingi deni hufutika palepale.

Umepona lakini hawakuachii

Kifungu cha 23 cha Katiba kinataja sababu za mtu kunyimwa uhuru wake, na bili ambayo mahakama haijaitolea amri haimo. Hospitali ina haki ya kudai pesa yake, lakini si kwa kukufungia wodini. Hata hivyo kusoma Katiba mbele ya mlinzi usiku hakufungui geti. Gawanya bili: sehemu usiyobishia ilipe au weka ahadi ya maandishi ya kulipa kwa awamu, sehemu unayobishia iandikwe kwamba inabishaniwa. Omba kuonana na mkurugenzi wa zamu au ofisa ustawi wa jamii. Usiache kitambulisho cha taifa kama rehani.

Ukishindwa kote huko

Anza na dalali wa bima wa mwajiri wako. Wewe kwa kampuni ya bima ni mtu mmoja. Dalali ana mkataba wa wafanyakazi wote mkononi, na simu yake hupokelewa. Akishindwa, andika malalamiko rasmi kwa kampuni yenyewe, ukurasa mmoja: namba ya dai, tarehe, kiasi, kosa ni lipi, unataka nini kifanyike. Historia ya uchungu wako iache.

Jibu lisiporidhisha, peleka barua hiyo na majibu yao kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, iliyoko Kampala, ambayo ina dawati la malalamiko na ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni hizi. Malalamiko juu ya daktari mwenyewe yanakwenda kwa Baraza la Madaktari, jambo tofauti kabisa. Usichanganye barua mbili.

Na kama ni pesa tu, isiyozidi shilingi milioni 10, kuna utaratibu wa madai madogo kwenye mahakama za mahakimu, chini ya kanuni za 2011. Huhitaji wakili, na upande wa pili nao hauruhusiwi kuja na wakili. Unaanza kwa barua ya kudai, kisha fomu ya mahakama na nakala za karatasi zako. Kampuni nyingi hupiga simu kutaka mpatane zikishapokea hati ya kuitwa. Patana nao, kwa maandishi, lakini kesi usiiondoe mpaka pesa iwe imeingia.